Mwali wa moto, tone la baridi: jibu kwa fundi wa Kariakoo

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchonga majina kwa leza hapa Kariakoo: vikombe, vidani, funguo, vibao vya milango. Mdogo wangu anasoma shahada ya pili nje. Likizo hii alikuja akanieleza kwamba kazi yao ni kupiga chuma kwa leza mpaka atomu zake ziruke, kisha zinaingia ndani ya matone ya heliamu yenye baridi kuliko anga za juu. Nikamwambia nenda kamdanganye mwingine. Mimi leza naijua, kinachotoka pale kinatoboa hadi meza. Kitaingiaje kwenye tone la baridi na tone lisikauke? Na kama wanataka mvuke wa chuma, kwa nini wasikiyeyushe kwenye jiko yakaisha? Halafu hiyo heliamu si ndiyo hii ya kwetu Rukwa?"

Marahaba, fundi. Kamwombe radhi mdogo wako. Hakukudanganya, ila alikusimulia mwanzo na mwisho akaruka katikati, na katikati ndiko kazi ilipo. Wasiwasi wako wa kwanza una msingi. Kila anayeingia kwenye maabara ya aina hiyo hulazimika kuujibu kwa hesabu, na hesabu yenyewe nitaifanya hapa mbele yako, maana haizidi kujumlisha na kugawanya.

Nianze na mashine yako, kwa sababu nusu ya jaribio hilo unaifanya wewe kila siku. Kama ni ile ya faiba ya wati 20, mwanga wake huuoni: mawimbi yake yana urefu wa nanomita 1,064, nje ya kile jicho linachokipokea. Hautoki mfululizo kama wa tochi. Unatoka kwa mapigo, kila pigo nanosekunde 100 hivi (nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni), na mapigo 20,000 au zaidi kwa sekunde. Gawanya wati 20 kwa mapigo 20,000, unapata milijuli 1 kwa pigo. Nishati hiyo haipashi hata tone la chai. Lakini ikibanwa na lenzi kwenye nukta ndogo kama ncha ya sindano, ikatolewa yote kwa muda mfupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kukimbilia ndani ya chuma, ngozi ya juu ya chuma haina pa kwenda ila kuruka.

Kinachoruka unakijua: kimwali kidogo cheupe, mlio wa kukwaruza, na moshi mwembamba unaoufukuza kwa feni. Kwako wewe mali ni mchoro unaobaki kwenye kikombe, moshi ni uchafu. Kwa mdogo wako ni kinyume. Kikombe ndicho uchafu, moshi ndio mali.

Ukichonga shaba, tazama vizuri utaona mwali wake una ukijani. Ile ni rangi ya atomu za shaba zenyewe, zimepata nishati kupita kiasi na zinaitema kama mwanga. Ndani ya mwali huo, kwa kitambo kifupi, zimo atomu mojamoja, ioni zilizopoteza elektroni, elektroni zenyewe, vishada vya atomu mbili tatu zilizoshikana, na kwa bahati mbaya pia vitone vya chuma kilichoyeyuka, vinavyoruka ovyo kama mafuta ukiwa umetumbukiza mihogo yenye maji. Joto la mwali mwanzoni ni maelfu ya nyuzi. Hapo uko sahihi kabisa.

Sasa twende upande wa pili wa mashine. Chukua gesi ya heliamu safi, ibane kwa shinikizo la baa 20 hadi 80 (tairi la gari dogo lina kama baa 2), ipoze hadi nyuzi 10 au 20 tu juu ya sifuri halisi, ile baridi ambayo hakuna chini yake, yaani karibu 260 chini ya sifuri ya maji kuganda, kisha iachie ipite kwenye nozeli. Neno hilo mafundi wa dizeli wa mtaa wa Gerezani wanalo, ila nozeli hii tundu lake ni mikromita 5, zaidi ya mara 10 jembamba kuliko unywele. Upande wa pili wa tundu kuna ombwe, yaani chumba kilichofyonzwa hewa. Gesi ikitokea huko inatanuka ghafla, inapoa, inakatikakatika kuwa matone.

Kisha matone yanajipoza yenyewe, na hapa huhitaji kwenda maabara kunielewa: ni mtungi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu mtungi unatoka jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Tone la heliamu nalo linatoa atomu zake za nje, kila inayoondoka inachukua joto kidogo, mpaka tone linatulia kwenye nyuzi 0.37 juu ya sifuri halisi. Anga za mbali, kule kusiko na nyota, ziko kwenye 2.7. Kwa hiyo kauli ya mdogo wako kuhusu anga za juu ni ya kweli.

Tone la kawaida lina atomu kama 10,000 na upana wa nanomita 10. Ukiyapanga matone 8,000 bega kwa bega ndiyo unafikia unene wa unywele mmoja. Yanakwenda kwa mita karibu 400 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,400 kwa saa, yote yakielekea upande mmoja kama msafara.

Kwa nini watu wajisumbue na vitu vidogo hivi? Kwa sababu heliamu kwenye baridi hiyo ni kimiminika kisicho na mnato hata chembe. Mwaka 1998 Grebenev, Toennies na Vilesov, wakiwa Göttingen, Ujerumani, waliweka ndani ya matone hayo molekuli yenye atomu moja ya oksijeni, moja ya kaboni na moja ya salfa. Wakaona inajizungusha kwa uhuru, kana kwamba imezungukwa na utupu. Walipotumia heliamu ya aina nyepesi, ile yenye uzito wa 3 badala ya 4, uhuru ule ukatoweka. Wakaanza kuizungushia molekuli atomu za heliamu ya kawaida kidogo kidogo, na zilipofika kama 60, uhuru ukarudi. Mimi naliona jaribio lile kuwa mojawapo ya mazuri kabisa katika fizikia ya karne iliyopita, na sijui kwa nini hatulifundishi zaidi. Kwa kazi ya mdogo wako maana yake ni hii: tone ni jokofu lisilokishika kilichomo. Unaweka atomu au molekuli, inapoa, inatulia, na ukiimulika inakuonyesha rangi zake bila tetemeko la joto kuzivuruga.

Namna ya kuiingiza ni rahisi ajabu. Tone linapita kwenye chumba chenye mvuke mwembamba wa kitu unachokitaka, linagongana na atomu, linaimeza. Ni daladala isiyosimama, abiria anarukia. Nyingine itapakia mmoja, nyingine wawili, nyingine itapita tupu. Huwezi kumpangia kila dereva, lakini wastani unauamua wewe kwa kuongeza au kupunguza watu kituoni. Ukitaka atomu moja kwa tone, unauweka mvuke mwembamba sana. Ukitaka vishada, unauongeza.

Basi, je, tone halikauki? Umewahi kushika grenda, au umesimama karibu na anayeishika. Cheche zile zina joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na bado zinakupiga mkononi unapangusa tu unaendelea. Ni za moto, ila ni ndogo, hazina joto la kutosha kukuunguza. Nyuzi za joto na kiasi cha joto ni vitu viwili. Tone halikutani na mwali mzima. Linakutana na atomu moja.

Atomu hiyo inaingia na deni, na deni linalipwa kwa atomu za heliamu. Kila elektronivolti 1 (kipimo kidogo cha nishati, cha saizi ya atomu) inayoingia, tone linapoteza atomu kama 1,600 ili lirudi kwenye 0.37. Chukua atomu ya titaniamu inayokwenda kilomita 1 kwa sekunde. Mwendo wake ni nishati ya robo ya elektronivolti. Bili: atomu 400 kati ya 10,000. Tone linapungua kidogo, halijali. Sasa chukua titaniamu hiyohiyo ikitoka moja kwa moja kwenye mwali, bila kupozwa, kwa kilomita 5 kwa sekunde. Kasi imeongezeka mara 5, kwa hiyo nishati imeongezeka mara 25. Bili inakuwa atomu 10,000, yaani tone lote. Hiyo ni kama atomu itakubali kusimama mule ndani. Mara nyingi kwa kasi hiyo itapita upande wa pili ikaendelea na safari.

Kwa hiyo wewe na mdogo wako wote mmesema kweli, mnatofautiana kasi tu. Mwali mbichi unakausha tone. Mwali uliotulizwa unaingia.

Kabla sijaenda kwenye kutuliza, acha nijibu swali la jiko. Jiko lipo, na linatumika kuliko leza. Sodiamu inatoa mvuke wa kutosha chini ya nyuzi 200, joto la mafuta ya kukaangia maandazi. Magnesiamu inataka kama 330. Fedha inataka kama 830, hapo tayari unahitaji jiko la maana. Titaniamu 1,450, na ikiyeyuka ina tabia ya kula chombo ulichoiwekea. Tungsteni, ile ya nyuzi za balbu za zamani, inataka zaidi ya 2,700. Hebu fikiria jiko la nyuzi 2,700 linalowaka jeupe, na hatua moja kutoka hapo kuna nozeli inayotakiwa kukaa karibu na sifuri halisi. Utakinga kwa maji ya kupoza na ngao za chuma, na watu wamefanya hivyo, lakini ni mateso. Leza inapasha nukta moja kwa nanosekunde chache, kijiti chenyewe cha chuma kinachopigwa unaweza kukishika mkononi dakika moja baadaye. Na kuna vitu jiko haliviwezi kabisa: molekuli kubwa zinazoungua kabla ya kuvukiza, kama sukari inavyogeuka kaa sufuriani.

Rai yangu, na nimewahi kubishana nayo na watu wazima wenzangu, ni kwamba kama kitu kinakubali jiko, tumia jiko. Linatoa mvuke ulio sawasawa asubuhi hadi jioni. Leza ni ya vitu vyenye vichwa vigumu, visivyokubali jiko.

Mwaka 2003 Claas, Mende na Stienkemeier walichapisha uchunguzi wa kina juu ya kutumia leza hivi kwa matone ya heliamu. Kabla ya hapo watu walijua kubandua chuma kwa leza. Tangu 1981 kundi la Smalley kule Rice, Marekani, lilikuwa linapiga chuma kwa leza ndani ya mpulizo wa heliamu ili mvuke upoe ujikusanye vishada, na ni kwa mashine ya namna hiyo, wakipiga diski ya grafiti inayozunguka, ndipo mwaka 1985 wakakutana na mpira wa kaboni wenye atomu 60. Ukawapa Kroto, Curl na Smalley tuzo ya Nobel ya kemia ya 1996. Ila pale heliamu ilikuwa gesi ya kupoza tu. Kuuleta mvuke wa namna ile mbele ya matone ni jambo jingine, kwa sababu gesi ya kupoza ndiyo adui wa matone.

Hapo ndipo ugumu unapojifunga fundo. Ukipuliza gesi nyingi, atomu za chuma zinagongana nayo, zinapungua kasi, zinakuwa mpole. Lakini gesi hiyohiyo inayapiga matone, inayatawanya kutoka kwenye njia yake na kuyakausha. Usipopuliza, matone yanafika salama na chuma kinafika kikali. Unatafuta kati. Wengine wanaweka kijiti karibu kabisa na mdomo wa nozeli, mahali ambapo matone yamesongamana na heliamu ya nozeli yenyewe bado ni nzito kiasi cha kuutuliza mwali. Wengine wanakiweka chini ya njia ya matone kwa milimita kadhaa, wanategemea atomu zile za polepole tu, zile za mbio zipite na ziende zake.

Halafu kuna saa. Leza ya maabara si kama yako; nyingi zinapiga mara 10 au 20 tu kwa sekunde, ila pigo moja lina milijuli kadhaa hadi makumi na linaisha kwa nanosekunde 10. Milijuli 5 kwa nanosekunde 10, ni kilowati 500 kwa kitambo hicho. Mvuke unaotoka unapita mbele ya matone kwa sehemu ndogo ya milisekunde, kisha kimya mpaka pigo linalofuata. Jumlisha mapigo 20: kwa sekunde nzima kuna mvuke kwa milisekunde chache tu. Nozeli kwa upande wake inamwaga matone muda wote. Yaani daladala zinapita kutwa nzima, abiria wanatokea kituoni dakika chache kwa siku. Karibu zote zinapita tupu, nawe unalipia mafuta yote.

Dawa yake ni kuifanya nozeli nayo ipige kwa mapigo. Mwaka 2002 Vilesov na wenzake walionyesha nozeli ya namna hiyo ikitoa matone mengi mno kwa mkupuo, na 2016 kundi la Freiburg, Ujerumani, ambalo Stienkemeier yumo, likaeleza mashine inayounganisha nozeli ya mapigo na leza ya kubandua. Hapo lazima mapigo hayo mawili yakutane kwa usahihi wa mikrosekunde. Leza ikiwahi, mvuke umeshatawanyika matone yakifika. Ikichelewa, matone yameshapita.

Nilikuwa mwanafunzi kwenye maabara moja ya nje nilipokutana na mashine hizi, na jambo lililonishinda wiki ya kwanza halikuwa la mikrosekunde. Lilikuwa la kijiti. Nilikiweka kijiti cha titaniamu, nikalenga, nikapata ishara safi kwenye skrini. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari. Baada ya dakika 10 ishara ikaanza kushuka. Nikaongeza nguvu ya leza. Ikapanda kidogo, ikashuka tena. Nikaongeza tena. Jioni nikafungua mashine: pale nilipokuwa napiga palikuwa na kishimo kama cha dumuzi kwenye mahindi, kirefu, chembamba. Mvuke ulikuwa unatokea chini ya shimo, unagonga kuta, unaganda humohumo.

Mama yangu angeliona shimo lile angecheka. Unapokalia mbuzi kukuna nazi, mkono mmoja haukomi kuizungusha. Ukikuna mahali pamoja utafika kwenye kifuu na tui litakuwa na vipande vyeusi. Kijiti nacho kinatakiwa kizunguke huku kikipanda na kushuka, mchoro wa skrubu, ili kila pigo likute ngozi mpya. Waliotangulia walijua, ndiyo maana grafiti ya 1985 ilikuwa inazunguka. Mimi nilidhani injini ile ndogo ya kuzungushia ni pambo na sikuiunganisha. Kosa langu mwenyewe, na niligharimika siku nzima.

Na ngozi mpya si lazima iwe safi. Mapigo ya kwanza juu ya kijiti kilichokaa kwenye hewa hayatoi chuma, yanatoa kutu yake. Kwa titaniamu unaiona wazi kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli: badala ya 48, ambayo ndiyo titaniamu ya kawaida, kuna mnara kwenye 64, titaniamu iliyobeba oksijeni ya 16. Unaendelea kupiga, kijiti kinazunguka, mnara wa 64 unapungua, wa 48 unakua, na kandokando yake vinajitokeza vinne vidogo, 46, 47, 49 na 50, ndugu zake wa asili. Ukiwaona wote watano, wa katikati akiwa mrefu kuliko wenzake, unajua umefika kwenye chuma chenyewe. Ni sawa na wewe unavyopitisha leza mara moja kuondoa rangi kabla ya kuchonga jina.

Lakini utajuaje kama ile 48 imetoka ndani ya tone, si atomu iliyojipitia tu? Kuna mnara mwingine kwenye 8. Hakuna elementi ya kawaida yenye uzito wa 8. Ule ni ioni ya atomu mbili za heliamu zilizoshikana, na ukionekana matone yapo. Unaziba njia ya matone kwa kibati. Mnara wa 8 unaanguka. Kama wa 48 nao umeanguka pamoja nao, titaniamu ilikuwa imepanda daladala. Kama umebaki, ulikuwa unahesabu watembea kwa miguu. Nimewaona watu wakiruka hatua hiyo ya kibati kwa sababu ya haraka, na matokeo yao siyaamini.

Si kila atomu inayopanda inaingia ndani, lakini. Sodiamu na ndugu zake hubaki juu ya tone, wamekaa kwenye kibonyeo kidogo, kwa sababu elektroni yao ya nje imetanda sana na heliamu haiivumilii. Ioni ni kinyume: zinaivuta heliamu kwa nguvu mpaka inaganda kuzizunguka, tone ndani ya tone. Na kwa kuwa mwali wa leza una ioni nyingi, usipoziondoa kwa umeme kabla hazijafika kwenye matone utapata picha ya vitu viwili vilivyochanganyika. Hili peke yake lina makala yake.

Mdogo wako atakuwa anafanya nini na haya? Sijui mada yake, lakini wengi kwenye uwanja huu wanaangalia atomu za chuma, silikoni, aluminiamu na magnesiamu zikikutana na oksijeni au maji kwenye baridi kali. Hivyo ndivyo viungo vya vumbi la kati ya nyota, na vingi ni vya kundi la vichwa vigumu, jiko halivitaki. Wengine wanajenga chembe za metali mbili, moja ndani nyingine nje kama yai na ganda lake, kwa kupitisha matone makubwa kwenye vituo viwili vya kupakia kwa zamu. Kwa kazi hiyo nozeli inapozwa zaidi, kuelekea nyuzi 9 au 8, na matone yanakuwa ya mamilioni ya atomu, yanayoweza kulipa bili kubwa.

Sasa Rukwa. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwa eneo moja tu la Bonde la Rukwa linakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za heliamu. Maelezo yao ya chanzo yanavutia kuliko namba. Urani na thori ndani ya miamba ya kale ya nchi yetu vinaoza taratibu, na kila kinapotema chembe ya alfa, chembe hiyo ndiyo kiini cha heliamu. Imejikusanya humo kwa mamilioni ya miaka bila njia ya kutoka. Joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungulia mlango, ikapanda pamoja na naitrojeni.

Hapo kwenye naitrojeni ndipo penye jibu lako. Heliamu ya nozeli inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.9999, kwa sababu naitrojeni inaganda kwenye nyuzi 63 juu ya sifuri halisi na oksijeni kwenye 54, na nozeli iko kwenye 15. Chochote kisicho heliamu kinageuka barafu ndani ya tundu la mikromita 5. Fundi wa AC anajua kufukuza hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Mimi siku moja nilibadilisha mtungi wa heliamu nikasahau kufukuza hewa kwenye kimpira cha nusu mita tu. Saa mbili usiku nozeli ilikuwa imeziba kabisa. Kuipasha taratibu, kuisafisha na kuirudisha kwenye baridi kulichukua usiku ule na asubuhi yake. Kwa hiyo heliamu ya Rukwa ni heliamu ileile, atomu haina uraia, lakini kutoka ardhini hadi kwenye nozeli kuna kiwanda kizima cha kuisafisha katikati.

Umeniuliza maswali matatu. La nne hukuliuliza ila nimelisoma katikati ya mistari, kama mashine yako ingeweza. Kwa milijuli 1 inabandua, hilo unaliona kila siku. Kinachokosekana Kariakoo ni ombwe, pampu kubwa zinazonguruma usiku na mchana bila umeme kukatika, na jokofu la kufika nyuzi 15. Hicho si kitu cha kuanzia. Ningekuwa na bajeti hapa Dar ningeanza na leza na kipimo cha rangi tu, niusome ule mwali wenyewe: ukijani wa shaba unaniambia ni shaba, na jiwe la mchimbaji mdogo linaweza kuniambia lina nini kabla hajaliuza kwa bei ya kutupa. Na tafadhali, miwani: ya 1,064, imeandikwa namba hiyo kwenye fremu. Mwanga usiouona haukufanyi ukonyeze, na nyuma ya jicho hakuna maumivu ya kukuonya.

Ila kuna jambo kuhusu mashine yako limenikaa kichwani tangu nianze kukuandikia. Leza za maabara zinapiga mara 20 kwa sekunde, ndiyo maana daladala zinapita tupu. Ya kwako inapiga mara 20,000, mapigo madogo madogo, karibu mvuke usiokatika. Kwa nozeli ya zamani, ile inayomwaga muda wote, hiyo huenda ikafaa kuliko leza kubwa ya bei mbaya. Mwambie mdogo wako amuulize msimamizi wake kama wamejaribu. Na amwambie pia kwamba kwa kasi hiyo, nazi itabidi izungushwe mbio kwelikweli.